Mate ya Mutu Mumoja, Siri ya Jamaa Nzima

Mwaka uliopita, siku ya kupima watoto, mama mumoja alibaki kwenye benchi wakati wenzake walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Mutoto alikuwa mugongoni, kilo zake nzuri, chanjo zote zimeandikwa kwenye fishi. Nilifikiri anataka kuomba dawa ya minyoo. Kumbe alitoa telefoni ndani ya kikwembe, akanionyesha maneno ambayo mudogo wake alimwandikia toka Marekani, kule alikopelekwa pamoja na wakimbizi wengine:

«Yaya, nilitema mate mu kichupa, bakapima ADN yangu. Banasema niko na ndugu kule Canada, mwanaume wa miaka 51, tunagawana 25 kwa mia. Baba alizalaka mutoto ingine mbele ya kuoa Mama? Uniambie.»

Mama huyu akaniuliza: «Mama mwalimu, mate inaweza kusema maneno sawa hayo?»

Nikamujibu kwamba ndiyo, inaweza.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Lakini mimi sikutemea mutu mate. Baba alikufa, na yeye hakutema. Mama yetu iko kijijini, hajui hata kama kitu hicho kiko. Namna gani basi banajua mambo ya nyumba yetu?»

Swali hili linapita maswali mengi ambayo wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wananiuliza. Tena si lake peke yake. Jamaa nyingi za kwetu leo ziko na watu kule Marekani, Canada, Ubelgiji na Ufaransa. Katika farmasi za kwetu sijaona hata kimoja cha visanduku hivi, lakini tutaona kwamba si lazima kisanduku kifike kwako ndipo habari zako zipimwe.

Kichupa kinafanya nini

ADN, wale wa upande wa Kiingereza wanasema DNA, ni kama uzi mwembamba sana ulio ndani ya karibu kila chembe ya mwili. Katika uzi huo kuna maandiko ya herufi nne tu, lakini herufi hizo zinarudiliwa mpaka kufika karibu miliari tatu. Nusu ya maandiko ulipata kwa baba, nusu kwa mama. (Wanafunzi wakumbuke: chembe nyekundu za damu zikikomaa hazina ADN. Tukipima ADN ya damu tunaitoa katika chembe nyeupe.) Katika mate mna chembe za ngozi ya kinywa na chembe nyeupe, ndiyo sababu mate inatosha.

Mutu anayenunua kisanduku hapashwi kula wala kunywa wala kuvuta tumbako muda wa nusu saa. Kisha anatema mate mpaka kwenye mustari, anafunga kichupa, maji fulani ya dawa yanachanganyika na mate ili isioze, na anatuma kwa posta. Kule labo hawasomi kitabu chote. Wanasoma nafasi karibu 600 000 au 700 000, ni sawa kusoma herufi moja katika kila kurasa mbili za kitabu kikubwa. Ni kidogo, lakini kwa kujua nani ni ndugu ya nani inatosha kabisa, sababu wanalinganisha herufi zako na za watu wengine wote waliotema mbele yako.

Hesabu iko hivi. Muzazi na mutoto wake wanagawana 50 kwa mia. Ndugu wa baba mumoja na mama mumoja wanakaribia 50 vilevile. Ndugu wa muzazi mumoja tu wanakaribia 25. Watoto wa ndugu wawili, 12 na nusu.

Hapa lugha ya mashini na lugha ya kwetu hazipatani. Kwetu mutoto wa baba mukubwa ni ndugu yako, basi. Mashini inamuweka mbali. Kwetu mutoto aliyeokotwa njiani wakati wa vita, akalelewa pamoja na wengine, akala katika sahani moja nao, ni wa nyumba; mashini inasema si wenu. Mashini haisemi uwongo, inahesabu herufi. Lakini haikuona nani alimupa mutoto uji.

Sasa turudi kwa ile 25 kwa mia. Yule kijana alifikiri mara moja kwamba baba yao alizaa inje. Lakini namba hiyo ina maana nyingi. Inaweza kuwa ndugu wa baba mumoja. Inaweza kuwa pia ndugu kamili wa baba au wa mama, maana yake baba mudogo au mujomba, mutoto wa babu zao ambaye alipotea au alipewa watu wengine zamani. Na inaweza kuwa ndugu wa mama mumoja, mutoto ambaye mama yao alizaa mbele ya kuolewa. Nilipofika hapo, yule mama alijifunika kinywa kwa mukono. Baba alikuwa amekwisha kuhukumiwa na watoto wake, yeye akiwa kaburini, na karatasi haikusema hivyo.

Mazuri yaliyotoka humo

Nisidanganye watu: kuna mazuri, tena makubwa.

Wakati wa ukoloni, serikali ya Ubelgiji ilikamata watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba muzungu, ikawatenga na mama zao na kuwaweka katika misioni, kama Katende katika Kasai na Save katika Rwanda. Wengine walipelekwa Ubelgiji. Majina ya wengi yalibadilishwa au yaliandikwa vibaya, ili baba asijulikane na mama asifuate. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri wa kwanza wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi mbele ya bunge lao. Tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba serikali ilifanya kosa juu ya ubinadamu kwa ajili ya wanawake watano, wazaliwa wa Kongo, ambao walichukuliwa wakiwa watoto wadogo, na kila mumoja alipwe euro 50 000. Watu kama hao leo ni wazee. Kwa mutu ambaye karatasi zake ziliandikwa kwa kusudi ili asijue kwao, kichupa cha mate kinaweza kuwa mulango wa mwisho ambao haukufungwa. Mimi siwezi kumwambia mutu huyo asiteme.

Vilevile weusi wa Marekani. Katika hesabu ya watu ya serikali yao, mbele ya mwaka 1870, watumwa hawakuandikwa kwa majina, waliandikwa kama mali: mume, muke, miaka kadhaa. Mutu akitafuta babu zake anafika 1870 na anagonga ukuta. Mwaka 2023 wenye elimu walichapisha kazi juu ya mifupa ya watu 27, watumwa na watu huru, waliozikwa kati ya 1774 na 1850 karibu na tanuru ya chuma iitwayo Catoctin, jimbo la Maryland. Walilinganisha ADN ya mifupa na ya watu waliopima mate kwenye kampuni 23andMe, wakapata ndugu 41 799, wa karibu na wa mbali. Na ilionekana kwamba wengine kati ya wafu wale walikuwa na asili ya Wawolof na Wamandinka wa Senegal na Gambia, na wengine asili ya Wakongo, watu wa huku kwetu, upande wa mwisho wa muto. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda fulani.

Kabila haliko ndani ya kichupa

Watu wanauliza: ADN inaweza kusema mimi ni Mushi, au Mulega, au Munande? Hapana. Kampuni inachukua herufi zako na kuzilinganisha na kundi la watu ambao imeweka kama mufano. Watu wa Ulaya ni wengi sana katika kundi hilo, Waafrika ni wachache. Kwa hiyo Ancestry, kwa mufano, ilifunga Kameruni, Kongo na Wabantu wa magharibi ndani ya kifurushi kimoja. Tena kampuni zinageuza hesabu zao mara kwa mara. Mutu aliyeambiwa 30 kwa mia anaweza kuambiwa namba ingine mwaka kesho, bila mate mapya. Mwili haukugeuka, kipimo kiligeuka.

Nasema hivi juu ya sababu. Nimesikia vijana wakisema kwamba siku ingine Leta itapima watu mate ili kujua nani ni Mukongomani wa kweli. Uraia unatolewa na sheria, hautolewi na mate. Hakuna herufi ya ADN inayojua mupaka ambao wazungu walichora kwa kalamu.

Waliiba namna gani

Mwezi wa kumi 2023 ilijulikana kwamba wezi waliingia katika kampuni ile ya 23andMe. Hawakuvunja mulango. Walikuwa na orodha za majina na maneno ya siri yaliyoibiwa mahali pengine, na sababu watu wanapenda kutumia neno moja la siri kwa kila kitu, walijaribu na mulango ukafunguka. Walifungua makonti karibu 14 000. Sikieni sasa: kwa njia ya hayo 14 000 walipata habari za watu karibu milioni 6,9. Namna gani? Sababu konti nyingi zinaonyesha orodha ya ndugu. Mutu aliyefunga mulango wake vizuri aliibiwa kupitia mulango wa ndugu yake.

Na wezi walianza kuuza nini? Walitoa orodha za watu wenye asili ya Kiyahudi, na zingine za watu wenye asili ya China. Orodha za majina kwa asili. Sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Katika Rwanda kabila liliandikwa kwenye karatasi ya utambulisho tangu miaka ya 1930, na mwaka 1994 karatasi hiyo kwenye barriere ilikuwa kifo. Sisemi kwamba kichupa ni karatasi ile. Nasema kwamba orodha ikiisha kuandikwa, aliyeiandika si yeye atakayeitumia siku zote.

Mwezi wa tatu 2025 kampuni hiyo hiyo, yenye habari za watu zaidi ya milioni 15, ilitangaza mbele ya korti kwamba imefilisika. Mwanasheria mukuu wa California aliwakumbusha watu kwamba wana haki ya kufuta habari zao. Mali ya kampuni iliuzwa, na ADN ya watu ilikuwa ndani ya mali hiyo. Korti ilikubali mnunuzi awe shirika lisilo la faida, linaloongozwa na Anne Wojcicki, mumoja wa walioanzisha kampuni, kwa dola milioni 305. Labda ni mwisho muzuri. Lakini wale watu walipotema mate mwaka 2010 au 2015, nani aliwaambia kwamba siku moja watauzwa pamoja na meza na viti? Hata mbele ya hapo, mwaka 2018, kampuni ya madawa GlaxoSmithKline iliweka dola milioni 300 humo ili kutafuta dawa kwa njia ya habari hizo. Kutafuta dawa ni kazi njema. Ila mutu ajue kwamba analipa feza ili kutoa kitu ambacho chenyewe kina bei.

Polisi

Mwezi wa nne 2018 polisi ya California ilimukamata Joseph James DeAngelo, aliyekuwa ameua na kubaka watu katika miaka ya 1970 na 1980. Yeye hakutema mate popote. Polisi waliweka ADN iliyobaki mahali pa makosa katika hifadhi iitwayo GEDmatch, wakapata ndugu zake wa mbali, wakachora jamaa mpaka wakamufikia. Mwaka 2020 alikubali kuua watu 13 na akahukumiwa kifungo cha maisha. Mimi sisikitiki kwamba alikamatwa. Ni muuguzi, nimewahudumia wanawake waliobakwa. Lakini wale ndugu wa mbali walikuwa wanatafuta babu zao tu, na hawakujua kwamba wanasaidia polisi. Mwaka 2019 GEDmatch iligeuza desturi yake: polisi wangeangalia tu habari za wale waliokubali.

Mambo ya ugonjwa

Wengine wanatema mate ili kujua magonjwa. Hapa nasema kama mwalimu wa wauguzi: mujihazari.

Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliruhusu 23andMe kuwaambia watu juu ya hatari ya kansa ya titi. Lakini walitafuta mabadiliko matatu tu, ambayo yanapatikana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya mashariki. Nyuma yake waliongeza mengine, lakini yanayojulikana ni maelfu. Basi mama Mukongomani akipata karatasi inayosema «hatukuona kitu», asiache kujipima matiti yake. Karatasi haikusema kwamba hakuna kitu. Imesema kwamba walichotafuta hakikuwako. Kinyume chake vilevile hutokea: mwaka huo wa 2018 labo moja ya Marekani ilipima upya habari ambazo watu 49 walipata kwa kampuni hizi, na katika mabadiliko yaliyotajwa, 40 kwa mia hayakuwako kabisa. Watu walikuwa wamekwisha kulia.

Kwetu jambo kubwa la urithi ni anemia ya SS. Kongo, pamoja na Nigeria na India, ni katika nchi zenye watoto wengi sana wa SS. Kwa hiyo hakuna haja ya kutuma mate Marekani. Ekzame ya damu inayoitwa electrophorese inaonyesha kama mutu ni AA, AS au SS. Kama baba ni AS na mama ni AS, kila mimba iko na nafasi moja juu ya nne ya kuwa SS. Kila mimba, si mutoto wa nne! Mambo haya vijana wajue mbele ya ndoa, na muuguzi aliyewapima afunge kinywa chake. Matokeo ya labo yanaandikwa katika fishi ya mugonjwa, hayaelezwi kwenye kisima. Ninasema hivi juu ya sababu: nilipokuwa muuguzi kijana niliona uchumba ukivunjika kwa sababu mumoja wetu alimwambia shangazi ya kijana, akifikiri anasaidia.

Baba wengine wanatujia na kuomba «ekzame ya ADN» ili kujua kama mutoto ni wao. Kundi la damu haliwezi kukubali, linaweza kukataa tu, na mara chache. Baba wa kundi O, kwa kawaida, hazai mutoto wa kundi AB. Lakini baba wa kundi A mwenye mutoto wa kundi A hajajua kitu, sababu watu wengi wa muji ni A na O. Na sheria ya jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 inasema kwamba mutoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, baba yake ni mume wa mama yake. Mume anayetaka kukataa anakwenda mbele ya korti, haji kwa muuguzi usiku na mate ya mutoto kwenye pamba.

Tena kuna jambo ambalo wauguzi wa huku wanalijua na hawalisemi kwa sauti. Wanawake wengi wamezaa watoto kwa sababu ya vita. Wengine walisema, wengine hawakusema, hata kwa bwana, hata kwa mutoto mwenyewe. Mutoto huyo leo ana miaka 25, yuko Ulaya, rafiki zake wa kazi wanampa kisanduku kwa zawadi ya Noeli. Anatema huku anacheka. Kile kitakachotoka si siri yake. Ni siri ya mama yake, na mama hakuulizwa.

Orodha ya jamaa katika intaneti

Kuna watu wasiotema mate, wanaandika tu majina ya jamaa katika intaneti. Hii naipenda zaidi. Wazee wetu wanakufa, na pamoja nao majina ya wazazi wao. FamilySearch, ya kanisa la Wamormoni, haiombi malipo, na katika nchi nyingi za Afrika watumishi wake wamekwenda vijijini kuandika vizazi ambavyo wazee wanavijua kwa kichwa. Kijana aliye mbali anaweza kumurekodi babu kwa telefoni, na jambo hilo halina hatari kama ya kichupa.

Lakini wafu ni wafu na wazima ni wazima. Ukiandika majina ya wazima, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, jina la mama, umemupa mwizi kazi nyepesi. Benki na kompani za telefoni zinauliza mambo hayo hayo. Na mutu anayejua jina la shangazi yako na la mutoto wake wa tatu anaweza kukupigia telefoni usiku akilia kwamba yuko hospitali na anahitaji dola 50. Tumeona. Kongo imepata sheria yake ya mambo ya dijitali tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake habari za mutu zinalindwa. Lakini kompyuta yenye mate ya mudogo wako iko Marekani, na sheria yetu haina mukono murefu hivyo.

Tuliyomwandikia yule kijana

Mimi na mama yule tulikaa tukamwandikia mudogo wake. Tulimwambia kwanza asimujibu mutu wa Canada kwa haraka, wala asimutukane, maana yule pia labda anatafuta kwao. Tulimwambia afunge ile sehemu inayoonyesha orodha ya ndugu. Inafungwa kwa kidole. Aweke neno la siri jipya, lisilotumiwa mahali pengine, na akubali kampuni imutumie namba kwenye telefoni kila mara anapofungua. Aangalie kama alikubali mate yake itumiwe kwa uchunguzi, na kama yaliyobaki katika kichupa yanatunzwa. Anaweza kuomba wafute habari na kutupa mate. Yaliyokwisha kutolewa kwa wachunguzi hayarudi. Na asitumie picha ya matokeo katika kundi la WhatsApp la jamaa, ambamo kuna watu 60.

Kwa wasomaji wenye watu Ufaransa: kule sheria inakataza mutu binafsi kununua kipimo hiki, na faini inaweza kufika euro 3 750. Marekani sheria ya mwaka 2008 inakataza bima ya ugonjwa na wenye kazi kutumia ADN ya mutu juu yake, lakini bima ya maisha haimo.

Ila jambo kubwa lilikuwa Mama yao. Kijana alitaka kumupigia telefoni siku ileile. Dada yake akakataa. Alisema: «Maneno sawa haya haipite mu telefoni. Nitafika mimi mwenyewe.» Nilimuuliza kama ni lazima afike. Nilimwambia kwamba mutu ana haki ya kutojua, na mama ana haki ya kutosema. Akajibu kwamba ameisha kujua nusu, na nusu ni muzigo mubaya kuliko yote. Sikuwa na la kumujibu.

Alikwenda wakati wa kiangazi. Nilimuona tena mwezi wa nane, siku ya kupima watoto, mutoto wake sasa anatembea. Aliniambia hivi: «Nilifika, tulipika, tulilala. Siku ya tatu, tukiwa tunachambua maharagi, nilimuonyesha Mama picha ya yule mutu wa Canada. Sikusema ni nani. Alishika telefoni muda murefu. Kisha aliniuliza: "Iko na afya?" Nikasema, ndiyo, Mama, iko na afya. Akanirudishia telefoni, tukaendelea na maharagi.»